Bega la kulia linauma mwezi wa nane sasa, eksirei inasema safi. Linaweza kuwa nini?

Msusi wa Moro

Habari zenu ndugu zangu, na shikamooni wakubwa wote.

Naomba niandike kwa kirefu, maana nikikaa mbele ya daktari kuna foleni nyuma yangu na nusu ya maneno yananibaki kooni.

Mimi ni mama wa miaka 49, msusi, niko Morogoro mjini. Nimesuka tangu usichana na saluni yangu mwenyewe nimeifungua mwaka 2004. Kazi hii ni mikono kuwa juu. Mteja anakaa, mimi nasimama nyuma yake, viwiko viko usawa wa mabega tangu asubuhi mpaka kichwa kiishe, na kichwa cha rasta ndogondogo kinakula saa saba au nane. Msimu wa sikukuu nilikuwa nachukua vichwa viwili kwa siku, binti yangu ananisaidia kumalizia ncha.

Maumivu yalianza wiki ya mwisho ya Ramadhani, watu wanajiandaa na Idi. Rasta nazitundika kwenye msumari ukutani, nyuma yangu upande wa kulia, na huwa navuta bila kugeuka. Siku hiyo nilipopeleka mkono nyuma, bega lilichoma kwa ndani mpaka kitana kikanidondoka. Nikasimama nimelishika, mteja ananiuliza "mama vipi?", halafu likapoa. Nikasema ni uchovu wa sikukuu, Idi ikipita litapona. Idi ikapita.

Miezi miwili ya mwanzo lilikuwa linauma nikiwa kazini tu. Mwezi wa tatu likaanza usiku, na hili la usiku ndilo limenimaliza. Ubavu wa kulia siulalii kabisa. Nikilala chali mkono unavuta kwenda chini, naweka mto chini ya kiwiko ndiyo nisinzie kidogo. Saa nane lazima niwe macho. Ingawa kuamka naamka hata bila bega, kwa sababu naenda haja ndogo mara tatu au nne kwa usiku, na nikirudi nakunywa maji. Joto la draya kutwa nzima linanikausha koo. Sasa nikishaamka ndiyo bega linaanza kupwita, na usingizi haurudi mpaka adhana.

Kuanzia mwezi wa tano mambo yamebadilika. Ule uchungu wa kuchoma umepungua kiasi, lakini mkono wenyewe haupandi. Sidiria nafungia mbele kisha naizungusha. Blauzi ananivalisha binti yangu, anaanza na mkono mbovu. Mkono wa kulia haufiki kisogoni, kwa hiyo nywele zangu mwenyewe ni mwezi wa tatu huu nafunga kilemba. Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama kwenye daladala kutoka Msamvu, dereva akafunga breki ghafla, nikadaka bomba kwa mkono wa kulia bila kufikiri. Machozi yalinitoka mbele za watu.

Nimeshahangaika hivi. Zahanati walinichoma diklofenaki, dawa ya maumivu, siku tatu, wakanipa na vidonge. Vilipoisha nikaendelea kununua mwenyewe duka la dawa, kimoja asubuhi kimoja jioni, miezi mitano sasa, na tumbo limeanza kuwaka. Nikaenda kwa bibi mmoja anayechua, akanikanda na mafuta ya moto halafu akauvuta mkono kwa nguvu ili bega "lirudi mahali pake". Nililia kwa sauti, na siku tatu zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote. Mwisho nikapiga eksirei, nikaambiwa mifupa yote ni mizima, ni baridi yabisi na umri, nikaandikiwa dawa zilezile.

Sijaanguka, sijagongwa. Vidole havina ganzi. Bega halijavimba, si la moto, homa sina. Kama mifupa ni mizima, kinachonishikilia mkono ni nini? Nina watoto wawili wanasoma kwa mikono hii. Naomba anayejua aniambie.

---

Fundi Rangi Mwanza

Pole sana mama. Mimi napaka rangi majumba, na anayepaka dari anajua unachosema. Roli liko juu ya kichwa kutwa, shingo imepinda, jioni ukivua shati unauma meno.

La kwangu lilikuwa hivi: nikiinua mkono kwa pembeni, mwanzo hauumi. Ukikaribia usawa wa bega ndiyo unauma sana, ukishapita hapo na kwenda juu unapoa tena. Nikaendelea na kazi mwaka mzima hivyohivyo. Siku moja ngazi ikateleza, nikajidaka kwa mkono uleule, nikasikia kitu kinakatika ndani. Kuanzia hapo ikawa siwezi kuinua hata kikombe. Lakini sikiliza hapa mama, kaka yangu alipoushika mkono na kuuinua yeye, ulipanda mpaka juu bila kizuizi. Akiuachia, unadondoka wenyewe kama kamba.

Eksirei na mimi waliniambia safi. Ni ultrasaundi ya bega ndiyo ilionesha kano ya juu imechanika. Haikuchanika yote, kwa hiyo sikupasuliwa. Nilifanya mazoezi na mtaalamu miezi mitatu na sasa hivi roli nimelifunga mti mrefu, nasimama mbali na dari, mikono inabaki usawa wa kifua. Kazi nafanya. Kaulizie ultrasaundi.

---

Mazoezi Tiba

Dada Msusi, nimesoma maelezo yako mara mbili. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya wilaya, nimesomea hospitali ya KCMC, Moshi, na mabega ya aina hii ni kazi yangu ya kila wiki. Jina la ugonjwa siwezi kukupa bila kukushika, ila naweza kukuonesha njia ya kutenganisha mambo kabla hujatumia hela nyingine.

Nianze na hiyo eksirei. Inaona mifupa. Misuli, kano na ule mfuko unaofunika kiungo haivioni. Walipokwambia safi maana yake hujavunjika, kiungo hakijachomoka, mfupa haujasagika wala kuliwa na uvimbe. Ilikuwa lazima ipigwe na majibu yake ni ya kushukuru. Haikusema kwamba bega ni zima.

Kiungo cha bega ni kama embe lililokaa juu ya kisosi kidogo. Kisosi ni kifupi, ndiyo maana mkono unazunguka kila upande kuliko kiungo kingine chochote mwilini. Kinacholizuia embe lisidondoke ni misuli minne inayolikumbatia, na juu ya kiungo chenyewe kuna mfuko laini unaokizunguka pande zote. Mfuko huo kwa chini, kwapani, una mikunjo ya ziada. Unapoinua mkono mikunjo inakunjuka. Mfuko ukipata uvimbe wa ndani kisha ukasinyaa, mikunjo inashikana. Chukua gauni lililokubana kwapani ulivae kisha ujaribu kufika kabatini juu. Ndivyo mkono unavyozuiwa.

Kwa hiyo kaka fundi rangi amegusa penyewe pasipo kujua. Swali la kwanza ninalomuuliza mgonjwa ni hili: mtu mwingine akiuinua mkono wako, unapanda?

Fanya hivi jioni na binti yako. Lala chali kitandani, ulegeze mkono kabisa, yeye ashike kiwiko na kifundo aunyanyue polepole kuelekea kichwani. Asilazimishe. Aangalie unaishia wapi. Halafu kaa, banisha viwiko vyote viwili kwenye mbavu, vidole gumba vikiangalia juu, kisha fungua mikono kwenda nje kama unafungua milango miwili ya kabati. Linganisha kulia na kushoto. Hili la pili ndilo nalithamini zaidi. Kano ikichoka au kuchanika, wewe unashindwa lakini mtu mwingine anauweza mkono wako. Mfuko ukiganda, wewe unashindwa na yeye anashindwa, na kufungua kwenda nje ndiko kunakokufa kwanza.

Kuna na shingo, maana wasusi mnainama sana. Mshipa wa fahamu ukibanwa shingoni maumivu hushuka kupita kiwiko, vidole hupata ganzi au kuwashawasha, na wengi hupata nafuu wakiweka mkono juu ya kichwa. Wewe hata kuufikisha mkono kichwani huwezi na vidole vyako viko sawa, kwa hiyo shingo naiweka nyuma kidogo.

Nikisoma mpangilio wako, miezi ya kuuma sana usiku halafu uchungu unapungua huku mkono unakuwa mgumu, nafikiria bega lililoganda. Jina hilo lilitolewa na Codman, daktari mpasuaji wa Boston, mwaka 1934, na mwenyewe alikiri kwamba ni gumu kulieleza na gumu kulitibu. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari au shida ya tezi ya shingo kuliko wengine. Kuvutwa mkono kwa nguvu wakati bega bado liko kwenye uchungu ndiyo kitu kibaya unachoweza kulifanyia. Bibi aliyekuchua hakukutakia mabaya, lakini usirudi.

Swali moja la nyongeza: umewahi kupigwa na umeme au kuanguka kifafa? Bega huweza kuchomoka kwa nyuma na eksirei ya upande mmoja isilione. Ukijibu hapana, tunasonga.

---

Mwalimu Mstaafu Tanga

Mdogo wangu Msusi, watu wote wameangalia bega. Mimi naomba urudi kwenye maneno uliyoyapita haraka. Unaamka kukojoa mara tatu au nne kila usiku, ukirudi unakunywa maji, na koo linakauka kutwa. Umesema ni draya. Kapime sukari.

Ninakuambia kwa uchungu kwa sababu nimepita humo. Bega langu la kushoto liliganda mwaka 2016, nikiwa bado nafundisha. Nilishindwa kuandika juu ya ubao, nikawa naandika nusu ya chini tu na watoto wa nyuma hawaoni. Lilichukua karibu miaka miwili kuachia. Likaja la kulia mwaka 2019. Daktari wa pili ndiye aliyeniambia kwamba mwenye sukari bega huganda kirahisi zaidi, hukaa muda mrefu zaidi, na mara nyingi linalofuata ni la upande wa pili. Sukari yangu nilikuwa naijua ila siitunzi. Wewe huenda huijui kabisa, na hilo linanitisha zaidi.

Nenda asubuhi kabla ya kula wala kunywa chai. Ni tone la damu la kidole. Ikifika 7 na kuendelea, rudia siku nyingine, na uombe kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu. Na hivyo vidonge vya diklofenaki vya miezi mitano acha kununua leo. Tumbo linalowaka ni dalili, na mwenye sukari figo zake hazitaki dawa hiyo kila siku. Usingojee wiki ijayo, mdogo wangu.

---

Msusi wa Moro

Shikamoo mwalimu. Nimesoma ujumbe wako nikiwa saluni, nikakaa chini. Mama yangu mzazi alifariki na kidonda cha mguu kisichopona. Hatukuwahi kujua kilikuwa nini. Kesho asubuhi naenda.

Mtaalamu, umeme sijapigwa, kifafa sina. Kipimo nimefanya jana usiku. Binti yangu aliponyanyua mkono ulifika mbele ya uso wangu, kabla haujanyooka kuelekea dari, ukagota. Mimi nilitegemea ataacha kwa sababu ninaumia, lakini yeye ndiye aliyesema "mama, hapa pamefungwa". Akasogeza kidogo, akaniambia anaona bega zima linapanda kuelekea sikioni badala ya mkono kwenda. Ile ya milango ya kabati, wa kushoto ulifunguka ukaangalia dirishani. Wa kulia ulisogea upana wa vidole vinne, basi. Nilibaki nauangalia. Mkono wangu wa kazi.

---

Mtoto wa Mzee, Arusha

Naomba niingie kidogo, si kwa ajili ya dada peke yake, ni kwa wengine watakaosoma hapa na bega lao halifanani na lake.

Baba yangu alilalamika bega la kushoto karibu miezi miwili. Tulimpaka dawa za kuchua. Lakini ukimwambia azungushe mkono, anauzungusha wote bila shida. Lilikuwa linauma akipanda mlima kwenda shambani, akikaa juu ya jiwe dakika chache linaacha, akianza kupanda tena linarudi. Ilikuwa ni moyo. Tulimfikisha hospitali baada ya siku aliyotokwa jasho jingi na kubanwa kifua, na tunamshukuru Mungu tunaye mpaka leo. Shangazi yangu yeye ni bega la kulia, kwa nyuma, akila vya mafuta usiku. Yake ilikuwa mawe kwenye kifuko cha nyongo.

---

Mazoezi Tiba

Asante sana kwa hili la mzee. Bega linalouma lakini linazunguka kote bila kuongeza maumivu, mara nyingi chanzo chake kiko nje ya bega. Nyongo na ini viko jirani na kiwambo cha kifua, ule msuli wa kupumulia chini ya mapafu, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho unatokea shingoni, mahali palepale panapohudumia bega, kwa hiyo ubongo unadanganyika. Kwa mwanamke aliyekosa hedhi, maumivu ya ncha ya bega pamoja na tumbo la chini na kizunguzungu ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo. Mimba inaweza kuwa imepasuka nje ya kizazi. Bega lenye moto, jekundu, na homa juu yake nalo halingoji kesho. Na anayekohoa muda mrefu huku anakonda, asitibiwe bega peke yake.

Dada Msusi, ulichoeleza ni kugota, na kwenda nje kumefungwa. Nenda ukaonwe, lakini nadhani tayari unajua utakachoambiwa.

---

Mwenye Selimundu

Niongeze moja. Mimi nina miaka 27, nina selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Eksirei ya kwanza ya bega ilikuwa safi, wakaniambia ni maumivu ya kawaida ya ugonjwa wangu. MRI, picha ya sumaku inayoona ndani zaidi ya eksirei, ndiyo ilionesha kichwa cha mfupa kimekosa damu na kimeanza kufa. Mwenye selimundu akiumwa bega au nyonga wiki nyingi mfululizo, asikubali kurudishwa nyumbani na eksirei tu.

---

Msusi wa Moro

Ndugu zangu, ni wiki tatu zimepita. Nilitaka nirudi nikiwa na majibu mkononi.

Sukari asubuhi kabla ya kula: 12.6. Nesi akanitazama, akapima tena kidole kingine. Siku ya pili 12.1. Kile cha miezi mitatu kilitoka asilimia 9.8. Nina kisukari, na daktari anasema huenda ninacho miaka kadhaa. Katika miezi minane nilipita sehemu tatu na bega hili, na hakuna hata mmoja aliyenitoboa kidole. Sitaji mahali popote. Nasema tu kwamba nilikuwa na haki ya kupimwa, na hata mimi sikujua niombe nini.

Nimeanzishiwa metfomini, vidonge vya kushusha sukari. Soda nimeacha, nilikuwa nakunywa mbili kwa siku, wateja wananunua na mimi sikatai. Figo wamepima, ziko sawa. Diklofenaki nimeacha, tumbo limeanza kutulia.

Bega nalo limeshikwa na mtu anayejua. Alinilaza, akauzungusha mkono upande huu na huu kwa upole, akaandika kwenye karatasi unaishia wapi kila upande, akasema limeganda. Mwalimu, Mtaalamu, mlikuwa sahihi wote wawili. Kuhusu sindano ya ndani ya kiungo alisema inasaidia maumivu lakini hupandisha sukari siku kadhaa, kwa hiyo tuishushe kwanza ndipo tuamue.

Mazoezi aliyonipa ni haya. Nainama, mkono wa kushoto umeshika meza, wa kulia naulegeza uning'inie na kuuzungusha taratibu kama ndoo kwenye kamba. Nashika ufito kwa mikono miwili, viwiko mbavuni, mkono mzima unausukuma mgonjwa kwenda nje. Na vidole kutambaa ukutani kama buibui, kwenda juu mpaka panapokaza. Kabla ya yote nalikanda kwa taulo la maji ya moto. Alisema likiuma kidogo na kutulia baada ya muda mfupi, niko sawa. Likiniuma mpaka usiku, nimezidisha, nipunguze.

Swali langu kwa Mtaalamu: kusuka niache?

---

Mazoezi Tiba

Usiache. Mkono ukiufunga kwenye khanga na kuulinda, utaganda zaidi. Ila kazi ishuke. Mteja wako anakaa juu mno. Mkalishe kwenye kigoda kifupi, wewe kaa kwenye stuli nyuma yake, viwiko vibaki chini ya mabega. Ule msumari wa rasta uhamishe uje mbele yako. Kila nusu saa acha kitana, shusha mikono, zungusha mabega. Rasta ndogondogo mpe binti, wewe chukua mabutu na twende kilioni kwa sasa.

Na nikuambie ukweli kuhusu muda, kwa sababu watu hukata tamaa mwezi wa pili. Bega lililoganda huachia polepole. Kwa wengi ni mwaka mmoja mpaka mitatu tangu lianze, na wewe mwenye sukari usishangae likienda upande wa mbali. Wapo wanaobakiwa na ugumu kidogo. Ukiona miezi inapita na halisogei kabisa, kuna njia nyingine hospitali kubwa, hata za kuufungua mfuko kwa upasuaji wa tundu dogo. Bado hujafika huko.

---

Mwalimu Mstaafu Tanga

Mdogo wangu, nimefurahi na nimesikitika kwa pamoja. Uko mikononi mwa watu sasa. Miguu nayo uiangalie kila jioni, katikati ya vidole, kwa ajili ya mama yako. Na mkono wa kushoto uupe mazoezi yaleyale tangu leo, usiusubiri.

---

Msusi wa Moro

Miezi minne baadaye. Kuna watu wameniandikia pembeni wakiuliza naendeleaje, nawajibu hapahapa.

Sukari ya asubuhi sasa inacheza kwenye 6 na 7. Usiku naamka kukojoa mara moja, na siku nyingine siamki kabisa. Sindano ya bega nilichomwa moja mwezi wa pili, baada ya sukari kushuka. Ilipanda kweli, siku nne ilikuwa juu, nikaipima kila asubuhi kama nilivyoelekezwa, ikashuka. Tangu hapo usiku nalala. Ubavu wa kulia bado, lakini chali nalala bila mto.

Mkono haujafunguka wote. Sidiria bado nafungia mbele. Kisogo nakifikia kwa ncha za vidole, na Jumapili iliyopita nilijisuka mabutu mawili ya mbele mwenyewe. Ya nyuma alimalizia binti.

Pale saluni, ukuta wa karibu na mlango, ndipo natambaza vidole kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza. Binti yangu anachora alama ya chaki mahali vinapoishia na kuandika tarehe pembeni. Alama ya kwanza iko chini, usawa wa kidevu changu. Wateja wanaizoea, wengine wakiingia wanauliza "leo umefika wapi mama?" Ya leo asubuhi imefika kwenye swichi ya feni, ile ya juu.